Vumbi la Njano Mgongoni mwa Jerop

Wengi wenu mliokuwa barabarani siku ile mmekuwa mkiulizana kama nimeanza kuchanganyikiwa. Mama mzima, leso kiunoni, mtungi wa maziwa mkononi, anasimama katikati ya barabara ya murram na kukataa gari la kocha lipite. Ndani ya gari yuko Jerop, kocha wenu. Nyuma ya gari mko ninyi, kundi zima, mmejaa vumbi jekundu hadi kwenye kope. Wengine mlicheka. Mmoja wenu akasema, "Manze, Mama Mafuta ameingiwa na nini leo?" Nilisikia. Nimestaafu kazi, sijastaafu masikio.

Niliingiwa na mshtuko, na mpaka leo haujanitoka vizuri. Ninyi mnaojiandaa kwenda kukimbia ng'ambo ndio mnaopaswa kujua sababu yake kabla hamjafunga mizigo. Jerop amenipa ruhusa nieleze yote, hata pale anapoonekana mkaidi, kwa hiyo msikimbilie kumnong'oneza kwamba nimemsema.

Miaka yangu yote ya kazi nilikuwa nikikanda wakimbiaji kwa mafuta. Siku hizi kila kijana ana kile kidude cha umeme kinachotetemeka, anajipiga nacho pajani huku anatazama simu, halafu anasema amekandwa. Haya. Sisi tulitumia mikono, na mikono yangu ilifundishwa na Mzee Sigei.

Mimi ni Mluhya wa Vihiga. Nilikuja Eldoret kupika ugali katika kambi ya wakimbiaji, na nyama pekee niliyojua kuishika vizuri ilikuwa ya kuku. Mzee Sigei alikuwa amekimbia ujanani, magoti yakamkatalia, akabaki kuwakanda vijana kwa samli kwenye benchi la mbao nyuma ya jiko langu. Siku moja kidole gumba chake kilivimba, akachungulia dirishani na kuniita: "Wewe Mama, si unakanda chapati? Kuja ukande huyu." Nikaenda na mikono yangu yenye unga. Nilimfinyanga yule kijana mpaka akalia. Mzee Sigei alicheka hadi akakaa chini. "Pole pole, Mama! Hiyo si unga, ni mtu."

Alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa mkandaji mwingine yeyote. Kabla hajagusa mguu, alimlaza mkimbiaji kifudifudi, akaweka kiganja mgongoni, chini kidogo ya bega, kisha akamwambia aimbe ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani, wimbo wowote anaoujua tangu utotoni. Yeye alifumba macho akisikiliza kwa mkono. Ubeti ukitoka vizuri, anaendelea na miguu. Ukikatika mahali ambapo haukatiki Jumapili, anamfunika kijana blanketi na kwenda kumwambia kocha kwamba huyu kesho asitoke. Vijana walimwita Padri. Mimi pia nilimcheka, mpaka nilipojaribu mwenyewe nikahisi jinsi mbavu zinavyosimulia chini ya kiganja. Mtu anaweza kuficha kikohozi mbele yako, lakini akiwa amelala na anaimba, mbavu zinaruka kabla hajakohoa. Desturi hiyo niliichukua, nikaibeba mpaka Korea.

Ndiyo, Korea ile ya Kusini. Klabu moja ya huko iliwachukua Jerop na kijana mwingine wa hapa aitwaye Kirwa, na wakakubali waje na mkandaji wao. Jerop alikuwa msichana wa kwaya, sauti ya kwanza, sauti inayofika nje ya kanisa hadi kwenye mahindi. Alikuwa na ndoto moja tu, mbio kubwa za marathoni za mwezi wa nne. Akifanya vizuri hapo, klabu ingembakisha. Akishindwa, angerudi nyumbani kuanza upya kwenye foleni ndefu ya wasichana wenye miguu myepesi kama yake, na mnajua foleni hiyo hapa Eldoret ilivyo.

Tulifika wakati wa baridi. Theluji, hewa kali, hakuna shida. Nikasema nchi hii ni safi kuliko chumba cha daktari. Kumbe sikuwa nimeona mwezi wa tatu.

Asubuhi moja niliamka nikafanya anachofanya mama yeyote wa huku. Nilifungua madirisha yote hewa iingie, nikatoa mablanketi na kuyaanika kwenye roshani ya ghorofa yetu yapate jua. Katika ghorofa ya ng'ambo kulikuwa na ajuza mmoja aliyekuwa akinitazama kupitia kioo. Akaanza kupunga mikono yote miwili. Nikafikiri ni salamu, nikampungia pia. Akapunga zaidi, akagonga kioo. Nikasema moyoni, watu wa hapa wana ukarimu jamani, nikampungia kwa leso. Akaondoka dirishani ameshika kichwa.

Mchana nilipotoka kuyachukua, mablanketi meupe yalikuwa ya njano. Nilipitisha kidole kwenye chuma cha roshani, kikaacha mstari. Jua lenyewe lilikuwa juu lakini ungeweza kulitazama kwa macho bila kukunja uso. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Nikamwita Yuna, mkalimani wetu, binti aliyesoma Kiswahili chuoni kwao, Kiswahili cha vitabu kabisa, kilichonyooka kuliko changu.

"Mama, hili ni vumbi kutoka jangwani," akasema. "Huletwa na upepo kila mwaka majira haya, kutoka nchi za mbali. Likipita kwenye viwanda hubeba na moshi wake. Tafadhali funga madirisha."

"Jangwa la nchi ingine liko kwa blanketi yangu?"

"Ndiyo, Mama. Na kwenye mapafu yako pia, kwa kuwa ulikuwa nje."

Alisema hivyo kwa adabu yote. Mimi nilikaa kitandani kama mtu aliyeibiwa. Nilikuwa nimekula vumbi maisha yangu yote, vumbi la Vihiga, vumbi la Uasin Gishu, lakini nilikuwa naliona likija na lori, linapita, naendelea na safari. Hili halikuwa na lori. Lilikuwa ndiyo hewa yenyewe.

Siku chache baadaye tulikuwa ndani ya basi, simu za abiria wote zikalia kwa pamoja, mlio mmoja wa kutisha. Nilijua ni vita. Nilimshika Jerop mkono, nikaanza kuomba kwa sauti. Kumbe ilikuwa ni onyo la hewa. Watu walisoma, wakatoa maski mifukoni, wakavaa, wakaendelea kusinzia. Kituoni kulikuwa na ubao wenye picha ya uso. Hewa ikiwa nzuri, uso ni wa buluu na unacheka. Ikiharibika, unageuka mwekundu na kukunja kipaji. Uwanja wa shule ya jirani ulikuwa mtupu, watoto wamefungiwa madarasani. Nilishtuka kuona nchi nzima inauliza ubao kama inaweza kutoka nje.

Hapa ndipo sisi watu wa nyanda za juu tulipopotea. Nani kati yenu hajaambiwa kwamba hewa safi ni ya alfajiri? Kambi zote za huku hukutana saa kumi na mbili kasoro kwenye njia panda, giza likiwa bado linaondoka, na anayekuja saa tatu huitwa mtalii. Kocha wa kule, Mzee Park, alikuwa mtu wa maneno machache. Kila siku alitazama kwanza ule uso, halafu ndipo alipanga. Siku nyingine alituambia tungoje mchana, siku nyingine tungoje mvua ipite, siku nyingine wakimbie ndani kwenye mashine. Kirwa na Jerop walimcheka walipofika chumbani.

"Saa nane mchana?" Kirwa akasema. "Hiyo ni saa ya mtu ya kuuza maandazi."

Jerop akaongeza, "Mama, niambie ukweli. Ni champion gani umewahi kuona amefinyangwa na mashine ndani ya nyumba? Hewa poa ni ya asubuhi. Hata mtoto anajua."

Nami nikakubali kwa kichwa, maana hata mimi nilijua. Wakaanza kutoroka. Kabla jua halijachomoza walishuka ngazi wameshika viatu mkononi, wakakimbia kando ya mto, wakarudi na kujifanya wameamka sasa hivi. Maski walikataa kata kata. "Nikivaa hiyo kitu watasema Wakenya wamechoka," ndivyo Jerop alivyoniambia.

Tulikuja kuelezwa baadaye, tukiwa tumeshachelewa. Yuna alichukua sufuria yangu iliyokuwa ikichemka, akaifunika. Akasema katika miezi ya baridi hadi huu wa tatu, usiku mji ule huwa umefunikwa hivyo. Moshi wa magari na viwanda hukaa chini, hauna pa kutokea, mpaka jua lipande na upepo uinue kifuniko. Saa ile tuliyoiheshimu ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Walikuwa wakiamka mapema ili wavute moshi wa usiku mzima.

Ya kwanza kuliona tatizo hayakuwa macho yangu, ni mafuta. Nilikuwa nikimkanda Jerop shingoni, mafuta yakaanza kukwaruza. Nikatazama viganja vyangu, vilikuwa na tope la kijivu na njano. Nilimfuta kwa kitambaa cha maji moto, nikaanza tena. Kesho yake vivyo hivyo. Kisha akaanza kukohoa kidogo, kikohozi kikavu ambacho alikimeza haraka nikimtazama.

Hapo nilitumia dawa ya kwetu. Huku mtu akipaka nyumba rangi au akichomelea vyuma, si hunywa maziwa ili yateremshe vumbi kifuani? Nikamnywesha Jerop maziwa asubuhi na jioni. Mpishi wa klabu, mama mmoja mcheshi, alipoona akakasirika. Kwao dawa ya vumbi ni nyama ya nguruwe yenye mafuta mengi, eti mafuta yanaosha koo. Alimletea sahani inayong'aa. Mimi nikasukuma glasi mbele, yeye akasukuma sahani. Hatukuelewana neno hata moja, lakini tuligombana vizuri sana, kila mmoja akionyesha koo lake mwenyewe. Jerop alikula vyote kwa heshima, akashinda msalani siku nzima. Daktari alipokuja kutuchorea mfereji wa chakula na mfereji wa hewa, kila mmoja na njia yake, mimi na yule mpishi tulitazama chini kwa pamoja.

Jioni moja nikamlaza Jerop, nikaweka kiganja mgongoni. "Imba."

"Mama, leo nimechoka."

"Imba ubeti mmoja tu."

Alianza. Ni wimbo aliouimba kila Jumapili tangu akiwa mdogo, na mstari wa pili aliuvuta kwa pumzi moja bila jasho. Haukufika katikati. Ulikatika, na chini ya mkono wangu mbavu zikaruka, na misuli ya katikati yake ilikuwa imekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Akajaribu tena, ukakatika palepale. Niliondoa mkono. Sauti ile niliyoijua, ya kufika hadi kwenye mahindi, haikuweza kuvuka chumba. Nilitaka kupiga kelele.

"Usiwaambie, Mama," akasema akiwa bado ameficha uso kwenye mto. "Ukiwaambia wananirudisha."

Nilimfunika blanketi, nikaenda nikamwambia Mzee Park, kupitia kwa Yuna. Mzee Park akamzuia kukimbia. Halafu mvua ikanyesha, mvua nzuri ya kuosha mji, uso pale kituoni ukacheka buluu, na kikohozi kikatulia. Jerop akaenda kwa wakubwa wa klabu akakimbia mbele yao, mwepesi, anatabasamu, akawaambia Mama ana wasiwasi wa kizee. Wakamwamini. Hata mimi nilitamani kumwamini. Akarudishwa kwenye orodha ya mbio.

Siku ya mbio mvua ilikuwa imeshasahaulika. Uso ulikuwa mwekundu. Nilisubiri kwenye meza ya maji, ng'ambo ya daraja refu. Kirwa akapita, amepungukiwa na rangi, akanipa ishara nisiulize. Wasichana wakaanza kupita. Nilikuwa nimeshika chupa ya Jerop. Walipita wale aliokuwa akiwaacha kila siku mazoezini, wakapita hata wale wanaokimbia kwa furaha zao tu, na Jerop hakuonekana. Nikaweka chupa chini, nikaanza kukimbia kurudi kwenye daraja, mimi na mwili huu.

Alikuwa ameshika chuma cha daraja kwa mikono miwili. Kichwa kimeinama, mabega yanapanda na kushuka, na kila akivuta kulitoka sauti nyembamba ya filimbi. Nilimgeuza uso. Midomo ilikuwa ya zambarau. Msichana wa kutoka milimani, aliyekulia kwenye hewa ambayo wazungu hutoka kwao kuja kuifuata, ananitazama kwa macho ya mtu anayezama.

"Mama," akasema, "hewa imeisha."

Nimekanda watu wengi, nimeona mifupa iliyovunjika na vidole vilivyopoteza kucha. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kwa maneno yale mawili. Nilimlegeza nguo ya kifuani, nikamwegemeza mwilini mwangu, nikapiga kelele kwa Kiswahili, kwa Kiluhya, kwa lugha zote nilizonazo, mpaka watu wa ambulensi wakaja na oksijeni.

Alipona siku ile, lakini si kama mwanzo. Daktari alisema njia zake za hewa zilikuwa zimevimba muda mrefu na akaendelea kuzilazimisha, na sasa ana pumu ambayo pengine itabaki naye. Alirudi nyumbani na inhela mfukoni, kile kichupa cha dawa ya kuvuta kwa mdomo. Marathoni hakukimbia tena.

Kwa hiyo mkifika huko, na ninajua baadhi yenu mtafika, ulizeni ubao kabla hamjafunga kamba za viatu, na mkimkuta kocha anayewaambia mngoje mchana msimwite mvivu. Maski iwe ya kubana puani na chini ya kidevu, ikiwa miwani yako inapata ukungu jua hewa inapita pembeni. Nguo za mazoezi zikaushieni ndani. Ukitoka nje, oga na kuosha nywele kabla hujagusa kitanda, la sivyo utalala na jangwa kwenye mto. Msifagie kwa ufagio mkavu, pangusa kwa kitambaa chenye maji. Maziwa kunywa kwa sababu ni matamu. Na kikohozi msikimeze. Ukimeza kikohozi ili usirudishwe nyumbani, utarudi tu, na hutarudi mzima.

Nilipostaafu na kujenga huku karibu na Plateau, nje ya mji wa Eldoret, nilidhani mambo hayo niliyaacha ng'ambo. Jerop alianza kuwafundisha ninyi, nami nilifurahi sana. Ndipo siku ile, kiangazi kimekausha kila kitu, hakuna upepo, natoka kuchukua maziwa, naona wingu jekundu linakuja barabarani. Mbele ya wingu kuna gari. Ndani ya wingu kuna watu. Nikajua ni gari la nani, nikasimama katikati ya barabara.

"Jerop!" nikasema alipofunga breki. "Wewe? Wewe kati ya watu wote?"

Alishusha kioo nusu. "Mama, shikamoo. Natangulia niwaondolee boda na ng'ombe. Na maji yao iko huku."

"Na hiyo unawalisha?"

Akatazama kwenye kioo cha nyuma. Akacheka kidogo. "Aki Mama. Hii ni vumbi ya nyumbani tu."

Nilishtuka kuliko siku ya mablanketi, kuliko siku ya basi. Mtu aliyeniambia hewa imeisha, kwa midomo ya zambarau, ananiambia hii ni ya nyumbani. Nilimwambia ashuke. Akashuka, kwa kuwa mimi ni mama kwake, lakini kwa uso wa mtu anayepotezewa wakati.

Hapo ndipo lori la mchanga lilipopita. Ninyi mnalikumbuka, dereva alipiga honi na mkampungia. Lilipopita mbele yetu sikumtazama dereva, nilimtazama Jerop. Mkono wake ulikuwa umeruka wenyewe. Kabla vumbi halijamfikia alikuwa ameziba pua na mdomo kwa kola ya jaketi, amegeuza uso, amefumba macho, vilevile tulivyokuwa tukifanya Korea baada ya siku ya daraja. Nami nilikuwa nimejifunika kwa leso. Ninyi mlikuwa mmesimama pale, mmetoka kukimbia, vifua vinapanda na kushuka, midomo wazi, mnalitabasamia lori.

Vumbi lilipopungua akafumbua macho, akawaona. Kola ilikuwa bado mdomoni. Aliitazama ile kola mkononi mwake, kisha akawatazama tena, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayewaona kwa mara ya kwanza.

"Mama," akasema, "hakuna mtu amewaambia."

"Basi waambie."

Alishusha mkono, akapiga hatua kuja kwenu. Mlimwona akifungua mdomo. Mliona pia kilichotokea, jinsi kikohozi kilivyomkunja mpaka akashika mlango wa gari, jinsi alivyopapasa mfukoni. Alivuta ile dawa, akangoja, akajaribu tena kusema, akashindwa. Ndipo akanionyesha mimi kwa kidole, niwaambie.